Baiskeli Iliyopakwa Samli

Dada yangu alinipa masika moja. Aliniambia hivyo jikoni kwake Kibeta, akimenya ndizi, bila kuinua macho. Niende Muleba kwa Mama kila Jumamosi, nilale, nirudi Jumapili, tangu mvua za Machi zianze mpaka zikatike. Nikikosa Jumamosi hata moja, basi, nyumba ya Mama itafungwa na yeye ataletwa mjini. Chumba cha nyuma kilikuwa kimeshapakwa rangi.

“Na usinipigie simu ukiwa Geita kuniambia umepata kazi,” alisema. “Nakufahamu.”

Mama hataki kuhamia mjini. Kibanja chake kiko Muleba, nyumba katikati ya migomba na mibuni, na Baba amezikwa pale nyuma, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Mama humsalimia kila akienda kumwaga maji ya vyombo. Kuna mwaka dada alimchukua kwa wiki mbili. Wiki zote mbili Mama alikaa kwenye kochi na kitenge chake cha safari mabegani, kama mtu anayesubiri gari. Lakini ana presha, umri umekwenda, na mwaka juzi aliteleza uani akakaa chini tangu asubuhi mpaka jirani alipopita kuomba moto. Kwa miaka kumi na moja dada ndiye aliyekuwa akienda kumtazama na kumpelekea dawa. Sasa magoti yake hayataki tena, na shule anakofundisha haimpi nafasi. Mtoto mwingine ni mimi.

Mimi ndiye nisiyekuwepo. Nilimaliza kidato cha nne, nikakaa nyumbani miezi mitatu, nikaondoka. Mwanza, Geita, Kigoma, Arusha, Tanga kidogo, Arusha tena. Sikuwa natafuta kitu. Nikikaa mahali nikauzoea mlio wa mlango wake, miguu huanza kuniwasha. Baba alipofariki nilikuwa Kigoma, na nilipofika nyumbani watu walikuwa wanakunja mikeka. Hakuna aliyenigombeza. Mama alinipa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyompa mgeni yeyote, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Nilirudi Bukoba nikiwa na miaka arobaini na tatu, na begi moja na baiskeli ya gia. Baiskeli niliipata Arusha, nilikokuwa natunza baiskeli za wageni wanaozungushwa mashambani. Ilikuwa ya bluu, rangi imebanduka kwenye fremu, tairi pana zenye meno. Niliisafirisha juu ya basi, nikashuka nayo stendi, nikapanga chumba Kitendaguro, juu, ambako ukifungua dirisha unaona mji wote chini, ziwa, na ndege ndogo zikitua karibu na maji. Dirisha lile halikunisaidia. Kila ndege iliyoruka niliifuata kwa macho mpaka ikawa nukta.

Kwa hiyo dada aliposema kila Jumamosi, nilikubali haraka, na moyoni nilifurahi kidogo. Ilikuwa ni ruhusa ya kuwa barabarani.

Watu walinishangaa. Kutoka Bukoba mpaka Muleba ni lami tupu, mabasi yapo, bodaboda zipo. Lakini nyumbani kwetu hakuko kwenye lami. Unaiacha barabara kubwa, unakata rweya, yaani yale majani ya wazi yasiyo na migomba, unashuka mteremko mrefu wa udongo mwekundu hadi kijito, unavuka kwenye magogo, unapanda tena. Masika yakikolea bodaboda hukushusha pale juu na kukuambia, “Mzee, mimi naishia hapa, pikipiki bado nailipia.” Kwa baiskeli nilipita. Nilishuka, nilisukuma, niliibeba begani, lakini nilipita.

Tope lile ni la aina yake. La mchanga, kama lile la kando ya ziwa, hukwaruza na kudondoka. Hili letu linashika. Linaingia katikati ya tairi na fremu, linavuta majani makavu ya migomba, linajifinyanga kama mtu anayekandika ukuta, na baada ya hatua hamsini gurudumu halizunguki tena. Nilikuwa natembea na kijiti cha mwanzi kilichochongwa bapa, nimekifunga kwenye bomba la kiti, cha kuchokolea. Nilikata dumu la mafuta nikatengeneza madigadi mawili ya kukinga tope. Upepo wa tairi niliupunguza kidogo ili zisambae na kushika. Na kila nilipofika, Muleba au Kitendaguro, kabla sijala, kabla sijabadili nguo, niliiosha.

Kuosha ndiko watu wanakokosea. Mjini wanapeleka baiskeli kwa waosha magari, wale wenye pampu, inapigwa maji mpaka inalia. Inatoka safi na imekufa, kwa sababu maji yale yanasukuma mchanga ndani kwenye gololi, na kutoka hapo gololi zinajisaga zenyewe taratibu. Mimi nilitumia kopo na kitambaa. Kwanza kumwagia kidogo na kusubiri tope lilainike. Kisha kitambaa kwenye fremu, mswaki wa zamani kwenye mnyororo na meno ya gia, kitambaa kingine kikavu. Kuchomoa kiti na kuigeuza baiskeli, maji yaliyoingia kwenye fremu yatoke. Mwisho oili, tone moja kwa kila kiungo cha mnyororo, halafu kufuta oili yote inayoonekana kwa nje. Oili inayoonekana hukusanya mchanga. Rimu na raba za breki haziguswi na oili kabisa, hata kwa kidole. Hizo nilizifuta kwa kitambaa cha peke yake, nilichokuwa nakiweka kwenye mfuko wake.

Fundi niliyekuwa nanunua kwake raba za breki, mzee mwenye kibarakashia karibu na soko, ambaye babu zake walitoka pwani wakamwachia maneno yao, alikuwa na mazoea ya kunisimanga mbele ya wateja.

“Haya, mwenye mke wa bluu kafika. Umemsugua leo?”

“Nimemsugua, mzee wangu.”

“Umempaka wanja?”

“Nataka raba za breki. Jozi mbili.”

“Jozi mbili tena! Wewe unakula raba kama chapati. Kaa nyumbani, bwana. Baiskeli haichakai ukiwa umekaa nyumbani.”

“Na mimi je?”

“Wewe ushachakaa zamani.”

Nilikuwa nabadilisha raba kila wiki tatu, wakati mwingine mbili. Mchanga ukikaa kati ya raba na rimu unakula vyote viwili. Lakini, niseme ukweli, nilizipenda zile saa za kuosha na kukagua. Ndizo saa pekee nilizotulia sehemu moja bila kuhesabu nimekaa muda gani.

Mama alinidharau kwa hilo. Alikaa mlangoni, miguu imenyooshwa juu ya majani mapya anayotandaza ndani kila Jumamosi kwa ajili ya Jumapili, akanitazama.

“Umefika saa ngapi?”

“Sasa hivi, Mama.”

“Na hujaniamkia. Umeiamkia hiyo.”

Nilikwenda kumwamkia. Alinishika kichwa, akaniuliza kwa Kihaya kama nimeshinda salama, akanipa kahawa nitafune, halafu akaendelea kwa Kiswahili, kwa sababu Kiswahili ndicho anachogombezea.

“Baba yako alikuwa na baiskeli. Ilibeba magunia ya kahawa mpaka Kamachumu. Sikumwona hata siku moja anaipiga mswaki.”

“Ile ilikuwa chuma, Mama.”

“Na hii ni nini? Ugali?”

Jumamosi zilipita hivyo. Nilihesabu vidonge vyake, nikaona kama amemeza. Nilikata majani makavu ya migomba, nikazibua mfereji wa nyuma, nikapaka udongo penye ufa. Jioni alinipikia ndizi na maharage, tukala, mvua ikipiga bati mpaka huwezi kusikia hata ukitaka kuongea. Jumapili asubuhi alikwenda kanisani kwa mguu, mimi nikamshika mkono kwenye utelezi, tukarudi, tukala. Kufika saa saba mchana miguu yangu ilikuwa imeanza kuwasha. Nilisikia magari kule juu kwenye lami yakibadilisha gia, yakielekea Biharamulo na kwingineko, nikawa sisikii Mama anasema nini.

“Nenda,” alikuwa anasema. “Usinikalie hapa na roho iko kwenye gari.”

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka ilinyesha tangu alfajiri, ile mvua inayotoka ziwani na radi juu yake. Nilitoka Kitendaguro hivyo hivyo. Nilipofika Kemondo nilijificha kwenye kibaraza cha duka, na hapo simu ikalia. Alikuwa mwenzangu wa Arusha, tuliyefanya naye kazi ya baiskeli. Wageni walikuwa wengi mwaka huu, alisema, wanatafuta mtu anayejua kutunza baiskeli na kuongoza msafara, kuzunguka mlima mzima, siku sita kwa safari.

“Kazi inaanza mwezi wa sita. Uje mwishoni mwa wa tano. Unakuja?”

Nilitazama maji yanavyopita kwenye mtaro.

“Upo?”

“Nipo.”

“Unakuja au huji?”

“Nitakujibu.”

Sikusema siendi. Njia nzima iliyobaki niliendesha nikiwa Arusha. Niliona vumbi, njia za kahawa, moto wa jioni, watu nisiowajua wakinisikiliza. Nilifika kwa Mama nimelowa mpaka mifupa, baiskeli imekuwa donge moja jekundu, na kwa mara ya kwanza sikuiosha. Niliiegemeza chini ya upenu, nikaingia.

Mama alinitazama, akatazama baiskeli nje.

“Unaumwa?”

“Nimechoka tu.”

Hakuuliza tena. Usiku wote nilijigeuza. Nilihesabu masika yaliyobaki, labda Jumamosi tano, labda sita. Baada ya hapo nitakuwa nimemaliza sharti la dada, nitakuwa huru. Lakini sharti lile halikuwa kwa ajili ya masika moja, nilijua hilo. Dada alitaka kuona kama nipo. Nikiondoka mwezi wa tano, Mama atakaa kwenye kochi la Kibeta na kitenge mabegani mpaka afe.

Jumapili tulikula mapema. Nilijilaza kidogo, usingizi ukanichukua kama mtu aliyepigwa rungu. Nilipoamka jua lilikuwa limetoka, saa tisa inakaribia, na baiskeli ilikuwa imesimama uani inang'aa.

Mama alikuwa ameiosha. Alikuwa ameisugua kwa nyuzi za mgomba, kama anavyosugua sufuria, tope lote limetoka hata mahali ambapo mswaki wangu haufiki. Fremu ilikuwa na mng'ao ambao haikuwahi kuwa nao tangu niipate.

“Nimeiosha,” alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imelegea magotini, amechoka, amefurahi. “Nimeipaka na mafuta. Chuma kinachonyeshewa hakiachwi hivi hivi.”

Nilimshukuru. Mwanamke wa umri ule kuinama saa nzima kwa ajili ya kitu anachokidharau. Sikukagua chochote. Kwa kawaida nabana breki mara mbili kabla sijapanda, nikisukuma mbele na nyuma, ni mazoea kama kufunga kamba za viatu. Siku ile nilikuwa nimechelewa, mvua nyingine ilikuwa inajikusanya, na nilikuwa natoroka macho yake. Nilifunga begi, nikamuaga, nikapanda.

Kutoka kwetu unateremka mara moja kuelekea kijito. Mita kama ishirini za kwanza nilidhani ni tope. Nikabana breki ya nyuma mpaka mwisho, hakuna. Nikabana ya mbele, hakuna, raba zilikuwa zinapita juu ya rimu kama kidole kwenye sabuni. Nilishusha miguu, viatu vikateleza. Chini niliona magogo ya daraja, na mama mmoja anavuka na mzigo wa majani kichwani, ameinama, hanioni. Nilipindisha usukani kuelekea kwenye mfereji.

Nilianguka kwa bega. Mfupa wa mtulinga ulivunjika, niliusikia, sauti kama ya kijiti kikavu. Nililala kwenye maji ya mfereji, baiskeli juu ya miguu yangu, gurudumu la mbele linazunguka karibu kabisa na pua, na hapo nikainusa. Samli.

Yule mama aliweka majani chini, akaja mbio.

“Yesu! Umekufa?”

“Bado.”

“Kwa nini hukushika breki?”

“Nilishika.”

“Ulishika nini? Ulishika hewa!”

Alinivuta, akaita watu, wakanipandisha mpaka juu, pikipiki ikanipeleka hospitali. Njiani nilikuwa nafikiria jambo moja tu. Mama alizaliwa katika nyumba ambayo chuma kilitunzwa kwa samli. Mkuki wa baba yake, panga la migomba, jembe, bawaba za mlango, vyote vilipakwa. Samli anaiweka kwenye kibuyu kidogo juu ya jiko, anaipata kwa jirani mwenye ng'ombe, na hampikii nayo mtu asiyempenda. Alikuwa ameipaka baiskeli yangu yote. Fremu, mnyororo, spoku, na rimu zote mbili, kuzunguka pande zote, kwa makini.

Dada alikuja kesho yake na pikapu aliyoazima kwa mwalimu mwenzake. Alinichukua hospitali, mkono umefungwa kifuani, akanirudisha kwa Mama bila kusema mengi; pikapu tuliiacha juu karibu na lami, tukashuka taratibu kwa mguu, yeye na magoti yake, mimi na bega langu. Nyuma ya pikapu kulikuwa na kamba na turubai. Nilijua vya nini. Kitanda cha Mama kingeenea pale.

Mama alikuwa jikoni, alinipa pole mara kumi, akarudi kwenye moto. Dada alibaki uani na mimi. Majirani walikuwa wameirudisha baiskeli, imeegemezwa ukutani, gurudumu la mbele limepinda.

“Haya,” alisema. “Ilikuwaje?”

Nilikuwa nimelifikiria usiku kucha. Nikisema ni Mama, atasema umeona, akili imeanza kumtoka, kesho atapaka jiko mafuta ya taa. Nikisema ni mimi, atasema umeona, wewe si wa kutegemewa. Kwa vyovyote vile pikapu ilikuwa inasubiri kule juu.

“Breki nilizilegeza mwenyewe Jumamosi. Nikasahau kuzikaza.”

“Wewe?”

“Mimi.”

“Wewe unayepiga cheni mswaki?”

“Nilikuwa nimechoka.”

Alinitazama kama anavyowatazama watoto wa darasa la tatu. Kisha akaenda kwenye baiskeli, akainama kwa shida ya magoti, akapitisha kidole kwenye rimu. Akakinusa. Akakinusa tena.

“Tangu lini Kitendaguro mnapaka breki samli?”

Mama alikuwa ametokea mlangoni na mwiko mkononi.

“Mnanusa nini?”

“Baiskeli,” alisema dada.

“Inanukia vizuri. Niliipaka mimi. Ilikuwa inatia huruma, huyu kaiacha na tope lake kama kapu la viazi.”

Dada alifungua mdomo. Nilimkazia macho, nikatikisa kichwa kidogo, kadiri bega lilivyoniruhusu. Mama hakuwa amejua. Hakuwa ameunganisha samli na kuanguka kwangu. Dada aliangalia kidole chake kinachong'aa, akamwangalia Mama, akaniangalia mimi.

“Kama viatu vyangu vya komunyo,” alisema mwisho.

“Viatu gani?” Mama aliuliza.

“Vya komunyo ya kwanza. Vyeupe. Uliviosha ukavipaka samli, juu na chini, mpaka kwenye soli.”

“Viling'aa!”

“Viling'aa, ndiyo. Nikaanguka mbele ya padri, kwenye sakafu ile, na mshumaa mkononi.”

“Ulianguka kwa sababu ulikuwa unageuka kutazama kama watu wanakutazama,” Mama alisema, akarudi jikoni.

Dada alianza kucheka. Alijaribu kuzuia, akashindwa, akakaa kwenye kigoda akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa changu cha breki. Mimi nilicheka kwa uangalifu, kwa sababu kila kicheko kilishuka begani kama kisu.

Alipotulia alisema kwa sauti ya chini, “Nilikuja kumchukua. Unajua.”

“Nimeona kamba.”

“Kama angekuwa ameanza kusahau, ningemchukua leo hii, alie asilie. Lakini huyu hajasahau kitu. Huyu ni Mama yule yule. Miaka yote mimi nilifikiri alikuwa na haraka siku ile, ndiyo maana akapaka soli. Kumbe kwake ndivyo kitu kinavyotunzwa.” Alifuta kidole kwenye majani. “Lakini wewe Jumamosi zako zimekwisha. Huna bega. Nani atakuja?”

“Nitakaa hapa.”

Alinigeukia.

“Hapa wapi?”

“Hapa. Chumba cha mbele.”

“Mpaka lini?”

Nilisikia gari kule juu likibadilisha gia. “Sijui,” nilisema.

“Afadhali,” alisema dada. “Ungesema siku zote, ningepakia kitanda sasa hivi.”

Aliondoka na pikapu tupu, ila mkungu wa ndizi aliolazimishwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko safari yoyote. Mtu aliyefungwa mkono hawezi hata kulima. Nilizunguka kibanja, nikajua kila mgomba unalalia upande gani. Nilipanda mpaka kwenye lami kwa mguu, nikasimama, nikatazama mabasi, nikarudi nimelowa. Mama alisema ninamchosha kwa kuingia na kutoka, kwamba mlango wake haujawahi kufunguliwa mara nyingi kiasi kile. Mwenzangu wa Arusha alipopiga tena nilimwambia nimevunjika mtulinga. Akasema pole, nitapona kabla ya mwezi wa sita. Nikamwambia najua, ila siji. Aliniuliza mara mbili kama mtandao ni mbaya.

Bega lilipoanza kukubali, niliinyoosha ile rimu kwa kukaza na kulegeza spoku, moja moja, kwa siku nne, na nikaanza kuitoa samli. Samli si kama oili. Inaingia, inaganda, inashika. Nilitumia majivu na maji ya moto, nikasugua, nikasuuza, nikarudia. Raba za breki nilizitupa zote. Mama alikaa kwenye kigoda chake akanitazama ninavyoiondoa kazi yake.

“Hapa na hapa,” nilimwambia, nikimwonyesha, “ukitaka kupaka, paka. Fremu, vyuma hivi. Lakini hii duara usiguse. Raba haipendi mafuta.”

“Haipendi kwa nini?”

“Inashindwa kushika.”

Alitazama rimu, akatazama mteremko unaokwenda kwenye kijito, kisha bega langu.

“Ndiyo maana ulianguka.”

“Kulikuwa na tope, Mama.”

“Tope lipo kila siku.”

Niliendelea kusugua. Baada ya muda aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kitambaa chake cha kichwa cha zamani, akakirarua katikati, akanipa kipande kimoja. Kingine alikishika yeye. Akainama upande wa pili wa gurudumu, akaanza kufuta, na tulifuta hivyo mpaka vitambaa vikaacha kutoka na mafuta.

Mvua zilipoanza kupungua nilimrudishia mwenye nyumba chumba cha Kitendaguro. Pikipiki ilileta vitu vyangu mpaka kwenye magogo, nikavipandisha mwenyewe kwa awamu mbili. Mama alitoka kupokea. Alitazama nyuma yangu, kama vile kuna wengine wanakuja.

“Hivi ndivyo vyote?”

“Ndivyo vyote.”

“Miaka yote hiyo? Godoro na sanduku?”

“Na begi.”

“Sufuria ziko wapi?”

“Sikuwa na sufuria. Nilikuwa nakula kwa mama lishe.”

“Mtu mzima,” alisema, “na mvi hizo, hana sufuria.” Akamwita jirani yake ng'ambo ya migomba, kwa Kihaya, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi ng'ambo ya kijito, aje aone mwanawe aliyezunguka nchi nzima akarudi bila sufuria. Jirani alicheka kutoka kule aliko, akajibu kwamba wa kwake hakurudi kabisa.

Nilisimama uani na godoro kichwani. Mawingu yalikuwa yanakuja kutoka upande wa ziwa, na juu kwenye lami kulikuwa na basi, nililisikia likipunguza mwendo, likisimama kushusha mtu au kupandisha mtu, likiondoka. Nilingoja mpaka lilipopotea kabisa. Kisha nikainama mlangoni, kwa sababu mlango wa mbele ni mfupi na godoro lilikuwa pana, nikaliingiza kabla halijanyeshewa.